Kalamu za Dorika na Ubavu wa Kipaimara

Karani wa kata pale Njombe alimshika Dorika kidole gumba cha kulia, akakichovya kwenye wino, akakibandika kwenye fomu. Alama iliyotoka ilikuwa laini kama kitako cha kijiko. Akakipangusa kidole, akakipulizia pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani, akakibandika tena. Kijiko kilekile.

"Mama, wewe huna alama za vidole."

"Alama ninazo, zimo chini ya gundi. Halafu nani amekutuma kunishika gumba? Nilimaliza darasa la nne kwa wamisionari baba yako akiwa bado anakimbizana na mbuzi bila suruali. Lete fomu niandike jina langu."

Akachomoa kalamu kutoka ndani ya kilemba. Ilikuwa kalamu ya mti, nene kiasi, imekerezwa vizuri, ila upande mmoja ngozi yake ilikuwa imebabuka kama kiazi cha kuchemsha. Karani akacheka. Njombe nzima ilijua msemo wa Dorika fundi kalamu: kalamu yangu haibabuki, itakuzika.

"Mbona hii imebabuka?"

"Hiyo ina habari yake, na habari yenyewe ina nguruwe ndani. Andika tarehe."

Habari yenyewe ni hii.

Dorika hakuzaliwa fundi. Aliolewa na fundi, Yonathani, seremala wa misheni, mwanamume mpole aliyefanya kila kazi akiwa amekaa, na hatimaye akafa hivyohivyo, juu ya kigoda, patasi mkononi, mpaka mkewe akamwita chakula mara tatu ndipo akajua haitikiwi kwa sababu maalumu. Urithi aliouacha ulikuwa cherehani ya kukanyaga iliyofiwa na kichwa. Kichwa kilivunjika zamani. Yonathani akabakiza miguu, gurudumu na mkanda, akaviunganisha na vyuma viwili vya kubana mti. Ukikanyaga, mti unazunguka. Ukishika patasi sawasawa, unapata mguu wa kiti, mwiko, au kalamu. Ukiishika vibaya unapata jeraha.

Kalamu zilianza miaka ya adha, dukani ukiuliza sabuni unaonyeshwa rafu. Yonathani alikuwa akitoboa kijiti cha mti wa mwati kwa keekee, anapitisha ndani mrija wa wino wa kalamu ya plastiki iliyovunjika, mtu anaandika. Tabu ilikuwa namna ya kuufunika ule mti usinywe jasho na uchafu. Vanishi haikuwepo hata kwa kuota. Basi akachemsha kwato za ng'ombe kwenye sufuria mpaka zikawa gundi, akazipaka kalamu, zikang'aa kama macho ya mlevi.

Ziling'aa wiki mbili. Ukungu wa Njombe ulipoingia, gundi ya kwato ikalowa, ikanata, ikaanza kutoa harufu ya mahali ilikotoka. Mwalimu Laurenti, mkuu wa shule, aliweka ya kwake kwenye mfuko wa shati akafuatwa na mbwa watano kutoka sokoni mpaka ubaoni. Wa sita alimkuta darasani. Kalamu ililiwa mbele ya wanafunzi wa darasa la sita, na mwalimu akalazimika kuwaambia waendelee kusoma kimya.

"Mume wangu," Dorika alimwambia Yonathani jioni ile, "fundi anatafuta kitu kinachodumu. Wewe umetengeneza supu."

Yonathani alicheka mpaka akakohoa. Hakuishi kuiona gundi nyingine.

Dorika aliiona. Zilipoingia enzi za ruksa, Makambako ikafura kama mandazi. Malori ya kwenda na kurudi Zambia yalilala pale barabarani, na kila lililolala liliamka limeacha kitu: mitumba, redio, betri, mafuta ya nywele. Katika duka la Salha binti Issa, Mngoni wa Songea aliyehamia pale na mizani yake na mdomo wake, Dorika alikuta kichupa kidogo kuliko kidole, kimeandikwa supagluu.

"Kinabandika nini?" aliuliza.

"Kila kitu, Mbena. Ungekipaka midomoni tungepumzika."

"Nipe viwili basi, kimoja changu, kimoja chako."

Walikuwa watani, Mbena na Mngoni, na utani wao haukuwa na likizo. Salha alimwita Mbena, naye alimwita Mngoni. Majina waliyopewa na wazazi wao waliyaweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Kujifunza ile gundi kulimgharimu Dorika ngozi. Mara ya kwanza aliipaka kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kikapata moto chenyewe, kikatoa moshi, kikamganda gumba, naye akazunguka uani akipiga kelele ambazo hazimo kwenye kitabu cha nyimbo. Siku mbili alikula ugali akiwa na kitambaa. Baadaye akagundua kipande cha mfuko wa nailoni: unakivaa kidoleni, unadondosha tone, unakanyaga pole, unapitisha juu ya mti upesi kabla haijakauka. Mkono wa kwanza wa gundi mti unaunywa wote. Wa pili unaunywa nusu. Ukifika wa kumi, mti umeshiba, unavaa kioo. Kisha unapitisha msasa laini na maji, halafu unasugua kwa dawa ya meno mpaka ujione pua.

Alizijaribu kalamu zake bila huruma. Moja aliilaza kwenye ndoo ya pombe ya ulanzi usiku kucha. Ikatoka safi, ulanzi ukanywewa. Moja alimpa mjukuu wa jirani aliyekuwa anaota meno. Moja aliikanyagisha punda. Hakuna iliyopasuka. Ndipo alipoanza kutamba, na Dorika hakuwa mtu wa kutamba kwa kunong'ona.

"Kalamu yangu haibabuki. Itakuzika!"

Salha akazipa kalamu hizo nafasi kwenye kabati lake la vioo, kati ya maziwa ya kopo na manukato, na madereva na maofisa wakazinunua kuvaa mfukoni kama beji. Nafasi ile ya kabatini ilikuwa kila kitu kwa Dorika. Mjane wa kigoda, aliyeambiwa na wazee wa usharika kwamba mashine ya kukereza si ya mwanamke, sasa kazi ya mkono wake ilikaa nyuma ya kioo, taa imewashwa, Makambako, mji ambao hata Wadaresalaam wanapita.

Sasa tufike kwenye ubavu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wa tisini na moja. Mtoto wa wifi yake Nelly, dada mdogo wa marehemu Yonathani, alipata kipaimara. Huku kwetu mtoto akipata kipaimara, nguruwe hupata habari mbaya. Alichinjwa mmoja mkubwa, na Dorika, kwa kuwa ni mtu mzima na ana kisu kikali, akawekwa msimamizi wa nyama. Msimamizi ana macho yake. Ubavu mzima, wenye mafuta ya vidole viwili, uliingia kwenye kanga ukatoka kwenye sherehe bila kuaga.

Auficheje? Njombe kila mtu anaingia jikoni kwa kila mtu kuota moto. Dorika akatazama juu. Jikoni kwake kulikuwa na uchanja, ile dari ya fito juu ya mafiga ambako mahindi hukaukia kwa moshi. Mvua za Desemba haziruhusu kitu kukauka nje, kwa hiyo vijiti vyake vya kalamu, ishirini na tano, vilikuwa vimelala palepale juu ya uchanja, vikikauka taratibu kama inavyotakiwa, maana mti mbichi ukiufunika kwa gundi hulipiza kisasi. Akaufunga ubavu kwa kamba kwenye paa, juu kabisa, juu ya vijiti. Jicho la wifi halipandi huko. Moshi hulitoa machozi njiani.

Siku tisa alishusha kipande kimoja kila jioni, akala peke yake, mlango umefungwa, akimshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Siku ya kumi ulikwisha. Siku ya kumi na moja akashusha vijiti, vimekauka vizuri, rangi nzuri ya asali. Alidhani ni moshi. Akakereza, akapaka mikono kumi, akapeleka Makambako kalamu ishirini na tatu. Ya ishirini na nne akaivaa mwenyewe kilembani.

Pale dukani alimkuta Mzee Abdulatif, mwenye malori matatu na ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri kuliko nywele za bibi harusi. Mzee akachukua kalamu, akaikwaruza kwa ufunguo wa lori. Haikushika alama.

"Ina nini hii, mama?"

"Mti, gundi, na jasho langu, mzee."

"Itadumu?"

"Itakuzika!"

Salha akamfinya Dorika paja kiasi cha kuacha kumbukumbu. Lakini mzee alicheka. "Basi ngoja nimnunue atakayenizika. Mwezi ujao namwozesha binti yangu Safina. Hati ya ndoa itaandikwa kwa hii, kisha nitampa mkwe, asije kusema hakupata kalamu ya kutuandikia barua." Akaichomeka kwenye mfuko wa kanzu, upande wa moyo, akaondoka.

Wiki tatu baadaye dereva wa lori la viazi alimletea Dorika kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na kalamu tatu na salamu za mdomo, ambazo dereva alizitoa akitazama pembeni: "Salha anasema, mtani, kalamu zako zinavua nguo mbele za watu."

Ni kweli. Kioo chote kilikuwa kimevuka kama ngozi ya nyoka, mti umebaki uchi. Dorika akachomoa ile ya kilembani. Nayo ilikuwa inavua shati.

Akalaani gundi. Akafungua kichupa kipya, akapaka kijiti kilichobaki katika lile fungu, akakitia kwapani kukipa joto la mwili kama mfukoni mwa mtu. Alhamisi asubuhi akakitoa: kimebabuka. Akakitupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa hasira tu, akageuka kutafuta msasa. Alipogeuka tena, juu ya maji palikuwa na vijicho vidogo vya mafuta vinaelea, na paka amesimama kwa miguu miwili, analamba ukingo wa bakuli kwa heshima zote.

Dorika akamtazama paka. Akainua macho juu ya uchanja. Kamba ya ubavu ilikuwa bado inaning'inia kutoka kwenye paa, nyeusi, inang'aa, na chini yake, pale pale vilipolala vijiti, fito zilikuwa na madoa.

"Ee Yonathani," alisema, "supu tena."

Mafuta yalidondoka siku tisa yakaingia kwenye mti. Gundi haishiki juu ya mafuta. Ilijishikiza kwa muda tu, na ilipopata joto la mfuko ikaachia. Hilo lilikuwa la ufundi, nalo lilimuuma. Lakini lililomkalisha chini kwenye kigoda cha marehemu lilikuwa jingine: kalamu ishirini na tatu zenye mafuta ya nguruwe zilikuwa zimepita kwenye kabati la Mwislamu, na moja ilikaa juu ya moyo wa Mzee Abdulatif. Ndoa ilikuwa Jumapili.

Ijumaa alfajiri alipanda lori la viazi.

"Kamwene, Mngoni," alisema mlangoni mwa duka.

"Kamwene, Mbena. Umekuja kuwavalisha watoto wako?" Salha alikuwa anapima sukari, hakuinua kichwa. "Usijieleze. Najua ni gundi ya bandia. Siku hizi hata njiti za kiberiti za bandia. Nitawaambia wateja hivyo, watanuna kidogo, wiki ijayo wamesahau. Lete nyingine."

Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa. Dorika angesema "ndiyo" tu, neno moja, kabati lingebaki lake na msemo wake ungebaki mzima. Alifungua kinywa kulisema.

"Salha," alisema, "si gundi."

Salha akaacha kupima. Miaka yote ile hakuwahi kuitwa jina lake na mwanamke huyu. Alijua kuna msiba. Dorika akamwambia yote, kuanzia kanga mpaka paka.

"Nguruwe?" Salha alinong'ona, akichungulia barabarani.

"Ndiyo."

"Nguruwe gani?"

"Wa kipaimara."

"Sikuulizi dhehebu lake!" Akafunika uso kwa ncha ya ushungi. Mabega yakaanza kutikisika, na Dorika hakujua kama ni kilio au nini, mpaka ushungi ulipodondoka. "Babu zangu waliwateka Wabena kwa mikuki. Miaka mia nzima mmekaa huko kwenye baridi mkifikiri, mkaona mlipize kwa mafuta!"

"Nichape, Mngoni, lakini usicheke."

"Nitakuchapa. Subiri nimalize." Kisha kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na robo, Ijumaa. "Mzee Abdulatif. Sasa hivi anakwenda msikitini. Nayo imo mfukoni."

Wakarudishia mlango wa duka bila kutia kufuli. Wanawake wawili wa makamo, mmoja na ushungi, mmoja na buti za mvua, walivuka barabara kuu mbele ya lori lililobeba shaba, na dereva akawaambia jambo ambalo wote wawili walimrudishia, kila mmoja kwa lugha ya kwao.

Mzee Abdulatif alikuwa anatoka kwenye geti lake, kanzu nyeupe kama karatasi, amekwisha kutawadha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nawahi swala."

"Itoe kwanza hiyo kalamu mfukoni."

"Kwa nini? Imeanza kuzika?"

Salha akafungua mdomo kusaidia. Dorika akamshika mkono. "Uliniuliza ina nini, nikakwambia mti, gundi na jasho langu. Nilisahau kitu kimoja, mzee, kwa kuwa sikukijua. Ina mafuta ya nguruwe. Yalidondoka kwenye miti yangu jikoni, kutoka kwenye nyama niliyoificha mwenyewe kwa uchoyo. Nimejua jana."

Mzee aliitazama kalamu. Akautazama mfuko. Akatazama juu kama anayeuliza, wiki hizi zote? Akaichomoa kwa vidole viwili, kwa namna unavyomshika mjusi mkia, akaiweka juu ya gurudumu la lori. Akarudi ndani. Zikasikika ndoo, maji, sauti ya mkewe ikiuliza "Tena?" na maji mengine. Alitoka amevaa kanzu nyingine, ndevu zinadondosha maji, akawapita kama nguzo mbili za simu.

Wakasubiri pale getini. Dorika hakukaa. Alizihesabia kalamu zake kuwa zimekufa, na kabati nalo.

Mzee aliporudi alisimama mbele yake.

"Nimeswali safu ya mwisho, mama. Karibu na viatu. Miaka ishirini sijawahi kuswali karibu na viatu."

"Nisamehe, mzee."

"Nyamaza kwanza. Nilijua kalamu inababuka. Tangu Jumanne inanimwagia magamba mfukoni. Nikajisemea, fundi akija atasema gundi mbaya, mafundi wote wanasema hivyo. Gundi hiyo anayouza Salha, nani anaileta?"

Salha akakohoa.

"Mimi naileta," mzee akasema. "Kioo cha pembeni cha lori lile pale nimekibandika kwa gundi hiyo, nimekwenda nacho Tunduma na kurudi sijui mara ngapi. Ungesema gundi, ningekuonyesha kioo, kisha ningekuonyesha barabara ya Njombe." Akashusha sauti. "Sasa shida ni yangu. Nimekwisha kumwambia baba wa mkwe kuhusu hiyo kalamu. Nimetamba. Nilikuiga wewe. Jumapili saa nne watu watasubiri kuiona. Utanitengenezea nyingine?"

"Gundi ninayo na mikono ninayo," Dorika alisema. "Mti mkavu ndio sina. Mvua hii hakuna mti mkavu Njombe nzima, ila ule uliokaa juu ya uchanja wangu, nao..."

"Usinitajie uchanja wako."

Mzee akageuka, akatazama uwanjani mwake. Ubavu wa lori moja ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo, mbao za mninga zimelala kando, moja imepasuka mwisho. Akaiokota, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama kengele.

"Huu umekaushwa na jua la miaka kumi na miwili, Tunduma mpaka Dar. Umebeba mchele, saruji, na mara moja sheikh mzima na mkeka wake. Nguruwe haujawahi. Chukua kipande."

"Na mimi naenda naye," Salha akadakia. "Kulinda."

Jumamosi Njombe iliona maajabu. Dorika aliitoa mashine nje ya jiko, akaiweka barazani, akaisugua kwa majivu, mchanga na maji yanayochemka, kila chuma, kila mkanda, mpaka mikono ikawa myekundu. Patasi mpya, msasa mpya, nailoni mpya. Salha alikaa kwenye kiti alichokileta mwenyewe, akanywa chai ya birika alilolileta mwenyewe, na kila paka alipotokea alimpigia makofi.

Dorika akakanyaga. Mninga ulizunguka, ukatoa vumbi jekundu lenye harufu tamu. Akafika mkono wa tatu wa gundi, mvua inapiga bati, alipoingia wifi yake Nelly na kikapu kichwani.

"Wifi, kulikoni mashine nje? Na huyu mgeni?"

"Mimi mlinzi, dada," Salha akajibu kwa ukarimu. "Nalinda kalamu isidondokewe tena na ule ubavu alioficha juu ya uchanja."

Mguu wa Dorika ukasimama. Mti ukasimama. Hata mvua kama ilipunguza.

"Ubavu gani?" Nelly aliuliza.

Dorika akainama kuukagua mkanda wa mashine.

"Ubavu wa kipaimara? Ule ulioniambia umeibwa na mbwa?" Nelly akashusha kikapu taratibu. "Wifi, nilimpiga mbwa wangu! Nilimpiga kwa mwiko mpaka leo anachechemea! Mbwa wa watu, hakula hata mfupa!"

"Nitampelekea mfupa," Dorika alisema, macho kwenye mti.

"Mfupa? Utakuja mwenyewe. Utamwambia pole, mbele ya watoto."

"Mbwa?"

"Mbwa!"

Salha alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka, anaomba kwa mkono wasimame kwanza apumue. Dorika akatazama wote wawili, akadondosha tone la mkono wa nne, akakanyaga. "Nitamwambia," alisema. "Lakini niacheni nimalize, gundi haingoji mtu aaibike." Na kweli alikwenda Jumatatu akamwambia mbwa pole, mbele ya watoto wanne na majirani wasioalikwa.

Jumapili saa nne alikuwa Makambako, nyuma ya nyumba ya Mzee Abdulatif, akimenya viazi na wanawake wengine, kisu kinakwenda chenyewe kwa kuwa masikio yake yote yalikuwa dirishani. Akamsikia sheikh akiuliza majina. Akamsikia akisema, "Mashallah, kalamu gani hii inateleza hivi?" Akamsikia Mzee Abdulatif akianza kueleza habari za lori lake. Kisha kitu kikagonga sakafu ya saruji, tak, tak, tak, kikaserereka. Bwana harusi Rehani alikuwa ameiangusha.

Dorika alikata kiazi akakata na kidole.

Kisha sauti ya mzee, ndefu, ya raha: "Hata mkwaruzo! Andika, mwanangu, andika!"

Tangu siku hiyo vijiti vya Dorika vilikauka Makambako, juu ya magunia ya mchele dukani kwa Salha, chini ya bati, na kabati la vioo halikubadilisha mwenyewe. Zile ishirini na mbili za mafuta, zikiwamo zilizonyang'anywa wateja kwa maelezo ya adabu, na ile ya Mzee iliyoletwa kwa koleo ndani ya kopo, zote zilirudi Njombe. Dorika alikataa kuzichoma. Alizitumia moja baada ya moja, zikibabuka kilembani mwake, mpaka kwenye kikao cha usharika mzee mmoja wa kanisa akamwuliza mbona akiandika pananukia vizuri.

Mwaka wa mvua zile kubwa, tisini na nane, zilipokata barabara na kuzoa nyumba, Mzee Abdulatif alifariki kwa maradhi ya kifua, kimyakimya, mzee wa watu. Dorika na Salha walikwenda pamoja. Uani walimkuta Rehani, sasa baba wa watoto watatu, amesimama na ofisa mwenye karatasi ya kibali cha mazishi. Ofisa akajipapasa mifuko, hakuwa na kalamu. Rehani akaingiza mkono kifuani, akatoa ya kwake, ile ya mninga, akaandika jina la baba mkwe wake pole pole, herufi kwa herufi.

Salha akamgusa Dorika kwa kiwiko. Wote wawili walikumbuka nani aliambiwa "Itakuzika!", na mbele ya kabati gani.

Rehani alipomaliza, Dorika akanyoosha mkono. "Naomba kidogo, mwanangu." Akaipeleka kwenye mwanga, akaizungusha taratibu mbele ya macho yenye machozi. Mwishoni kulikuwa na alama za meno ya mtoto. Akapitisha gumba lake laini lisilo na alama, juu mpaka chini, akitafuta ufa.

"Mbena," Salha alinong'ona, "watu wanalia."

"Nami nalia," Dorika akasema, akaigeuza upande wa pili. "Lakini naangalia."